Mwaka Uliofika Siku ya Kumi na Saba

Mimi nauza vitu vya mazishi hapa katika mji wa Svishtov, kwenye mtaa unaoshuka kutoka kanisani. Mishumaa, mataji ya maua ya plastiki, utepe mweusi wa kufunga mlangoni, na zaidi ya yote, matangazo. Kwetu mtu akifa, habari yake haikai ndani. Karatasi yenye picha yake hubandikwa kwenye mlango wa jengo alilokaa, kwenye nguzo ya umeme, kituo cha basi, na kwenye mti ulio mbele ya kazini kwake. Wala si mara moja. Siku ya tisa hutoka karatasi nyingine, siku ya arobaini nyingine, nusu mwaka nyingine, mwaka nyingine, na wapo wanaoendelea mpaka miaka ishirini. Picha ni ile ile. Marehemu hazeeki, tunaozeeka ni sisi tunaopaka gundi.

Velizar ndiye aliyenishawishi niweke skrini dirishani. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mrefu, mwenye kutembea kwa kuinama kidogo kana kwamba milango yote ya dunia ni mifupi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kurasa za mtandao. Alikaa nyumbani kwake, mitaa mitatu kutoka hapa, akifanyia kazi kampuni moja ya mji mkuu ambayo sidhani kama aliwahi kuuona mlango wake. Aliniambia kwamba karatasi zinanyeshewa na mvua, ila skrini hainyeshewi, na kwamba atanitengenezea ukurasa wa matangazo utakaobadilika wenyewe, marehemu mmoja kila sekunde nane. Nilimuuliza kwa nini nane. Akasema alipima mwenyewe, barabarani, muda ambao mwanamke aliyebeba mifuko ya sokoni anautumia kusoma jina, kutazama picha na kutikisa kichwa.

Ndivyo alivyokuwa huyo bwana. Wenzake walijisifia rangi na picha zinazoruka; yeye alijisifia kusubiri. Kila kitu kwenye ukurasa kinachosubiri kwanza kabla ya kutokea, hicho ndicho alichokipenda. Ubao wa mabasi pale stesheni, unaohesabu dakika zilizobaki, ni wake. Ukurasa wa shule unaofuta wenyewe tangazo la likizo, likizo ikiisha, wake. Siku moja alinieleza siri yenyewe akiwa amesimama hapa na kikombe cha kahawa, na kwa kuwa mimi ni mbishi, nilimlazimisha aieleze mara mbili.

"Shangazi Stoyna, amri ni mbili tu," aliniambia. "Ya kwanza unaiambia: subiri hivi, halafu fanya hili. Inasubiri, inafanya, imekwisha. Ya pili unaiambia: fanya hili kila baada ya muda fulani. Hiyo haikomi mpaka uiambie basi. Matatizo yote ya kazi yangu ni watu kusahau kuiambia basi."

Nikamwambia kuna ndoa za namna hiyo. Akacheka. Siku hizo alikuwa anacheka.

Alikuwa na jambo lingine alilolirudia kila mara: kwamba kipima muda cha kwenye ukurasa hakiahidi kufika saa ile ile uliyoitaja. Kinaahidi kitu kimoja tu, kutokufika mapema. Mashine ikiwa na kazi nyingine mkononi, kitachelewa. Lakini mapema, hapana. Alikuwa na uhakika huo kama padri alivyo na uhakika wa ufufuo, na kosa likitokea hakulala mpaka ajue limetoka wapi. Kurekebisha tu hakukumtosha. Kuna mara saa ya ukurasa wangu ilichelewa sekunde moja, nami sikujali hata kidogo, lakini yeye alikaa kwenye kiti changu siku nzima, akala pai yangu ya jibini yote, na jioni akainuka na jibu ambalo sikulielewa.

Mkewe aliitwa Ralitsa. Alifanya kazi jikoni kwenye shule ya msingi, mwanamke mwenye sauti kubwa aliyewapigia watoto kelele huku akiwaongezea supu. Mwezi wa Oktoba, siku ya Alhamisi, mshipa ulimpasuka kichwani akiwa ameshika upawa. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Hakufika hospitali.

Mwalimu mkuu alimpigia Velizar simu. Velizar akajibu, "Sawa, nakuja," akakata. Kisha akamaliza mstari aliokuwa anauandika, akauhifadhi, akavaa koti, akaenda. Najua hilo kwa sababu alinisimulia mwenyewe, bila kuulizwa, kwa sauti ya mtu anayekueleza njia ya kwenda posta. Nami, Mungu anisamehe, nililisimulia kwa wengine.

Mazishi yalikuwa kesho yake, Ijumaa. Velizar hakulia. Alisimama kaburini akashika mkono wa kila aliyemsogelea, akasema asante, akamwaga divai pale alipoambiwa amwage. Binti yao Nevena, miaka tisa, alisimama upande wa bibi yake akiwa na macho mekundu. Bibi mwenyewe, Zlatina, mama yake Ralitsa, alilia kwa ajili ya familia nzima, na nani angemlaumu. Alikuwa amemzika mume na sasa mtoto.

Mezani, baada ya kila mtu kupewa kijiko chake cha ngano ya kuchemsha yenye sukari, Zlatina alisema mbele yetu sote, mtoto akiwa nje na wenzake. Hakupaza sauti.

"Mtoto atakaa kwangu mpaka arobaini. Baada ya hapo nafunga nyumba naenda Burgas kwa Ognyan, mwanangu. Nikiona hapa kuna baba, namwacha. Nisipoona, naondoka naye."

Burgas ni baharini, upande wa pili wa nchi. Watu waliacha kutafuna. Tulimgeukia Velizar, na mimi nilikuwa nategemea angalau apige meza.

"Sawa, mama," alisema, akaomba apitishiwe chumvi.

Jumamosi asubuhi alikuja dukani. Alikuwa amenyoa ndevu. Kwetu mwanamume aliyefiwa hagusi wembe kwa siku arobaini. Hata walevi wa pale stesheni wanalijua hilo. Nikamtazama kidevu, naye akajishika pale nilipotazama. Nadhani hapo ndipo alipotambua kwamba alikuwa amenyoa.

Alisema anataka kuweka matangazo ya Ralitsa. Yote kwa mpigo. Nilimwambia ya siku ya tisa tutaandika ikikaribia siku ya tisa, na ya arobaini vivyo hivyo, ndivyo watu wanavyofanya, unakuja, unakaa, tunachagua maneno. Akatikisa kichwa.

"Sitaki kuja tena, shangazi. Nataka niandike leo, kipima muda kitoe chenyewe. La tisa, la arobaini, la mwaka. Kila moja saa nne asubuhi siku yake ikifika. Mimi nisiulizwe kitu."

Sikupenda, lakini ukurasa ulikuwa wake. Nilimpa kiti na daftari langu la maneno, lile lenye namba, maana watu wakiwa na msiba hawatungi, wanachagua. Kwa siku ya tisa alichukua namba nne bila kuisoma hadi mwisho. Kwa arobaini, kumi na moja. Chini aliweka majina ya wanaotangaza, kama desturi ilivyo: mume Velizar, binti Nevena, mama Zlatina, kaka Ognyan. Kufikia la mwaka, mteja aliingia kununua mishumaa nikaenda kumhudumia, kwa hiyo sikuona alichoandika. Nilisikia vidole tu. Haikuchukua hata dakika moja.

Alipokwisha kuondoka nilimaliza na mteja wangu, nikatoka nje kupanga mataji. Nikainua macho dirishani. Ralitsa alikuwa pale, na picha yake ya kitambulisho, na juu yake imeandikwa: siku arobaini tangu ututoke. Mwanamke mwenyewe ana siku mbili. Udongo wake haujakauka.

Nilimpigia simu, akarudi. Alisimama mbele ya skrini na mikono mfukoni. Yule Velizar wa zamani angevua koti pale pale na kuomba pai. Huyu alikaa, akalifuta lile la arobaini kwenye kipima muda, akaniambia hilo niliweke mimi kwa mkono siku ikifika, akainuka. Nikamuuliza limetokaje mapema, wakati yeye ndiye aliyeapa kwamba mapema haiwezekani. Akasema hajui. Nikamuuliza kama hataki kujua. Akafikiri kidogo, kwa heshima, kama mtu aliyeulizwa kama ana njaa.

"Hapana," alisema. "Sitaki."

La siku ya tisa lilitoka vizuri, saa nne kamili. La mwaka hakuna aliyelikumbuka.

Sasa niseme ubaya wangu. Mtaa wetu una masikio, na mdomo wake ni mimi. Zlatina alikuja kununua mishumaa, mtoto akimsubiri mlangoni, akaniuliza mkwe wake anaendeleaje, nami nikamwambia yote: ndevu, mstari aliomalizia kabla ya kumfuata mkewe, na kwamba alitaka kuandika msiba wa mwaka mzima kwa asubuhi moja ili asisumbuliwe. Nilisema, nakumbuka vizuri, "Yule si mtu, yule ni kabati." Zlatina alinishukuru. Wiki iliyofuata nikasikia ameshaomba karatasi za uhamisho shuleni.

Velizar alikuwa anakwenda kumwona mtoto kila siku saa kumi. Alikaa sebuleni kwa Zlatina kwa nusu saa na koti mwilini. Alimuuliza Nevena kuhusu hesabu, mtoto akajibu, kisha wakakaa kimya huku bibi akilia jikoni. Zlatina mwenyewe ndiye aliyenihadithia, kama ushahidi. Kila alipomaliza kunihadithia alisema, "Hata chozi moja, Stoyna," nami nikajibu hata moja.

Siku ya kumi na saba ilikuwa Jumapili. Jumapili nafungua, maana watu wakitoka ibadani ndipo wanapokumbuka mishumaa. Saa nne na dakika arobaini hivi, watu wa kwanza walianza kushuka kutoka kanisani, nami nikaona wanasimama mbele ya dirisha langu na hawaendelei. Sekunde nane zinapita, wanaondoka wawili, wanakuja wanne, wanasubiri zamu yake irudi. Nikatoka. Mmoja akanionyesha kwa kidole.

Lilikuwa tangazo la Ralitsa. Juu liliandikwa: Mwaka mmoja bila Ralitsa. Hakukuwa na maneno ya daftari langu, wala shairi. Chini, mahali pa wanaotangaza, palikuwa na jina moja tu. Velizar.

Nilitaka kuchomoa waya, lakini kabla sijageuka Zlatina alikuwa ameshafika, amemshika Nevena mkono. Watu wakampisha. Akasoma. Mtoto wa mtu amezikwa wiki mbili na kitu, na dirisha linamwambia mwaka umekwisha.

"Kumi na saba," alisema. "Hata arobaini hakuweza kuningojea." Kisha akanigeukia. "Zima."

"Usizime," Nevena alisema. "Bado nasoma."

Zamu ilipita, akaja mzee mmoja wa mtaa wa juu, kisha wengine, kisha Ralitsa tena. Mtoto alisogea mpaka karibu na kioo. Alisoma juu, akasoma chini, akasoma chini tena.

"Mimi sipo," alisema.

Nilimpigia Velizar simu, nikamwambia njoo sasa hivi ulivyo. Alikuja na ndara za nyumbani. Watu wote walikuwa bado pale, hakuna aliyejifanya ana haraka, na walipomwona walinyamaza ule unyamavu wa kutaka kusikia kila kitu. Hakuwatazama. Alitazama dirisha, midomo yake ikawa inahesabu.

"Imezunguka," alisema.

"Nini kimezunguka?" Zlatina alimuuliza. "Nijibu mimi, bwana mkwe. Nini?"

Akaeleza, na aliongea mengi kuliko siku zote kumi na saba zilizotangulia. Mashine inahesabu kusubiri kwa vipande vidogo, elfu moja kwa kila sekunde, na mahali pa kuweka hiyo hesabu pana mwisho. Panabeba siku ishirini na nne na kidogo za mbele, na nyingine kama hizo za nyuma, mzunguko mzima karibu siku hamsini. Ukiipa zaidi ya hapo haikatai, inazunguka na kuanza upya, kama mita ya maji ikishapita tarakimu zake zote. Ukizunguka ukaangukia nusu ya pili, inadhani muda umeshapita na inatoa papo hapo, ndivyo lilivyotoka lile la arobaini. Ukiangukia nusu ya kwanza, inasubiri masalio tu. Mwaka una mizunguko saba. Masalio yake ni haya, siku kumi na tano tangu Jumamosi ile.

"Kila mtu kwenye kazi yangu anaijua hii," alisema. "Mimi naijua tangu nina miaka ishirini. La arobaini lilipotoka ilitakiwa nijue na hili litatoka. Sikufikiri."

"Sikuulizi mashine," Zlatina alisema.

"Ndiyo, mama."

Nevena alikuwa amemsubiri amalize. Mtoto amelelewa na huyo baba, anajua kwamba maelezo yana mwisho.

"Baba, mbona mimi sipo?"

"Nilidhani wakati huo utakuwa Burgas."

"Burgas kufanya nini?"

Hapo nikaelewa kwamba mtoto hajaambiwa. Arobaini inakaribia, karatasi za shule zimeombwa, mji mzima unajua, mpaka muuza mbegu za alizeti pale kona anajua, na mwenyewe hajui. Velizar alimtazama Zlatina. Zlatina alishika kola ya koti lake.

"Kuishi na bibi," Velizar alisema. "Kwa mjomba Ognyan."

"Nani kasema?"

"Bibi."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema sawa."

"Kwa nini ulisema sawa?"

Wapo waliosema baadaye kwamba hapo alilia. Hakulia. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote. Uso wake ulikuwa ule ule, na sauti ile ile ya njia ya kwenda posta, ila maneno yalichelewa kutoka.

"Kwa sababu ndani mwangu hamna kitu, Nevena. Tangu ile simu. Nasubiri kije, hakiji. Nikaona mtoto akae na mtu ambaye ndani yake kuna kitu. Ndiyo maana niliposaini la mwaka nilisaini peke yangu. Niliandika nilivyodhani itakuwa."

Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Nilijisikia vibaya kwa namna ambayo sijaisahau, kwa sababu niliona sura ya yule mtu akiwa kwenye kiti changu Jumamosi ile, anaandika kwa dakika moja mwaka mzima wa kukaa peke yake, hapingi, na mimi niko hapo nauza mishumaa.

Nevena alikuwa anamtazama baba yake kwa makini, kama anamkagua.

"Hata mimi hamna," alisema.

"Nini?"

"Ndani. Hamna. Kwa bibi naingia bafuni, najitia maji machoni, nasugua na taulo. Maana nisipolia ananikumbatia mpaka nilie, na silii, halafu analia yeye zaidi." Alisema hayo bila uchungu, kama anavyojibu maswali ya hesabu. Kisha akamgeukia bibi yake kwa adabu. "Samahani, bibi."

Skrini iliendelea na kazi yake, sekunde nane, sekunde nane. Velizar akaingia dukani, akakaa kwenye kompyuta yangu na koti lake, na Nevena akamfuata akasimama nyuma ya kiti. Sikumsikia akimuuliza kitu. Baada ya muda Ralitsa wa mwaka mmoja aliondoka dirishani na akarudi Ralitsa wa siku ya tisa, mwenye majina manne chini. Watu walitawanyika. Hakuna aliyenunua mshumaa.

Walipotoka, Zlatina alikuwa bado amesimama pale pale. Velizar alimwachia mtoto ili amrudishe kwake, kama walivyokubaliana mezani. Angeendelea kumwachia hivyo mpaka arobaini, na baada ya arobaini angempeleka stesheni mwenyewe na kumbebea begi. Sasa nalijua hilo. Nevena hakwenda kokote. Alisimama katikati yao, mikono mfukoni, kama baba yake.

"Nenda naye," Zlatina alisema hatimaye. "Kesho uje uchukue nguo zake, Velizar. Buti za baridi ziko kwa fundi, zitakuwa tayari Jumatano."

"Sawa, mama."

"Na zile karatasi za shule nitazirudisha mimi."

Akasema sawa tena. Wakaondoka wawili wale, yeye na ndara zake, hatua moja kati yao, na hawakuwa wanaongea. Ukiwatazama kwa nyuma ungedhani ni watu wanaosubiri foleni moja.

Zlatina aliingia dukani akakaa kwenye kiti cha wateja. Nilimletea maji, hakunywa. Alikuwa na leso mkononi lakini macho yalikuwa makavu, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Stoyna," alisema, "siku zile nikija na mtoto hapa, macho yake yakiwa mekundu vile. Wewe unaona watu wengi wenye msiba. Ulikuwa huoni kwamba ni maji?"

Nilimwambia sikuona. Nilimwambia kwamba hakuna hata siku moja niliyomtazama mtoto, kwa sababu sisi wawili tulikuwa tumekazana kumtazama baba.